Kitabu kipi kitangulie? Riwaya za Kiswahili na mpangilio wa kuzisoma

Mleta uzi, mtaa wa Sakina, Arusha

Ndugu zangu, miaka mitatu iliyopita nilifanya kosa ambalo sijajisamehe hadi leo. Mpwa wangu alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, hana kazi zaidi ya kushinda sebuleni na simu, akaja kwangu kuniomba kitabu. Nilikuwa nimetoka kuisoma *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi kwa mara ya tatu, nikiwa bado nimelewa nayo, nikaitoa rafuni nikampa. Niliona ni nyembamba, ataimaliza kwa siku mbili. Kweli, siku ya tatu aliirudisha. Aliiweka mezani, akanishukuru kwa adabu zote, akasema, “Mjomba, hiki ni cha wakubwa.” Tangu siku hiyo hajaniomba kitabu kingine.

*Nagona* si kitabu kibaya. Kwangu mimi ni miongoni mwa vitabu vikubwa kabisa vilivyoandikwa kwa lugha hii. Lakini ni riwaya isiyokupa kamba ya hadithi ya kushika. Msimulizi anasafiri katika nchi isiyojulikana iko wapi, wahusika wanatokea na kutoweka kama ndotoni, na wanafalsafa wa kale na wa karibuni wanaingia bila kujitambulisha. Mpwa wangu, kama vijana wengi waliosoma hapa nchini, aliijua fasihi kwa vitabu vya mtihani: *Takadini*, *Watoto wa Mama N'tilie* na *Joka la Mdimu* kwa upande wa riwaya, *Ngoswe* na *Orodha* kwa upande wa tamthilia. Na vitabu hivyo hakuvisoma kwa maana ya kusoma, bali alikariri vile vitini vya uhakiki vinavyouzwa kwenye steshenari, ambavyo humpa mwanafunzi dhamira sita na wahusika wanane bila kumlazimu kufungua kitabu chenyewe. Mtu aliyelelewa hivyo akishika riwaya, hutafuta dhamira kabla ya kutafuta hadithi. Kumpa *Nagona* ilikuwa sawa na kumpeleka Kibo mtu ambaye hajawahi kupanda hata kilima cha Suye.

Nimelileta jambo hili kwa sababu kila tunapoulizana vitabu vya kusoma, majibu huja kama hesabu ya mifugo: huyu anataja kumi, yule anaongeza ishirini, na aliyeuliza anabaki palepale, hajui ashike kipi. Swali langu ni jingine. Kitabu kipi kitangulie, kipi kifuate, na kwa msomaji wa namna gani?

Kwa maoni yangu, mlango wa kwanza ni riwaya za upelelezi, nazo tunazo za kwetu ambazo hatuna sababu ya kuzionea haya. Elvis Musiba alitoa *Kufa na Kupona* mwaka 1974 akatuletea mpelelezi Willy Gamba, ambaye maadui zake mara nyingi ni majasusi wa makaburu, kwa hiyo kijana anayedhani anafuata risasi tu anajikuta ameijua habari ya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Ben Mtobwa naye ana Joram Kiango, na ana *Dar es Salaam Usiku*, ambayo sura zake fupi zinamvuta mtu hadi taa inazimwa. Kabla ya wote hao alikuwapo Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyotoka mwaka 1960, imefungua njia ya upelelezi katika Kiswahili. Mpelelezi wake, Bwana Msa, hana bastola. Ana kiko chake, subira yake, na rafiki yake Najum wa kumuuliza yale ambayo msomaji naye angeuliza. Mimi ningempa kijana Mtobwa kwanza, Bwana Msa baadaye, kwa sababu Bwana Msa hana haraka, na Kiswahili chake cha Unguja kinadai sikio lililokwisha kufunguka.

Hapo msomaji atakuwa amepata pumzi, apewe *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mtu mzima wa kumzaa, anaitoroka ndoa hiyo na baadaye anampenda Denge, kijana ambaye polisi wa mkoloni hawampi usingizi. Msomaji anadhani anasoma kisa cha mapenzi, kumbe anafundishwa siasa za Zanzibar kabla ya mapinduzi. Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021. Ni nzuri, ila naomba isitazamwe kwanza. Kutoka hapo mtu anaweza kurudi nyuma kwenye *Kuli*, ya mwandishi huyohuyo, inayohusu wachukuzi wa bandarini Unguja na mgomo wao.

Ndipo aje Kezilahabi, naye kwa ngazi zake mwenyewe. Aliandika *Rosa Mistika* mwaka 1971, akafuatisha *Kichwamaji* mwaka 1974, *Dunia Uwanja wa Fujo* mwaka 1975 na *Gamba la Nyoka* mwaka 1979, zote zikiwa na nyumba, vijiji, mabasi na watu wenye majina. *Nagona* haikutoka hadi mwaka 1990, na *Mzingile* ikaifuata mwaka 1991. Yaani mwandishi mwenyewe alihitaji karibu miaka ishirini kufika huko. Mimi nilitaka mpwa wangu afike kwa siku mbili.

Naomba mnisahihishe na mniongezee.

Mwalimu mstaafu, Moshi

Mwanangu, umeandika vizuri, lakini umeniudhi kidogo. Umetaja nyumba nzima ya riwaya ya Kiswahili ukamwacha Shaaban Robert nje, kana kwamba ni mgeni asiyebisha hodi. Nilifundisha Kiswahili katika mkoa huu kwa zaidi ya miaka thelathini, na wanafunzi wangu walianza na *Kusadikika*, wala haikuwaua.

Tazama jinsi kitabu hicho kilivyotengenezwa. Kusadikika ni nchi iliyo angani, haina hata mguu wa ardhi. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuanzisha elimu ya sheria, na badala ya kukana shtaka, anasimama mahakamani siku baada ya siku akisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za jirani, wakarudi na maarifa, na wakatupwa gerezani kwa shukrani. Kitabu kilitoka mwaka 1951, mwandishi akiwa karani wa serikali ya mkoloni. Mtu wa namna hiyo angeiweka wapi nchi yake kama si angani? Ukimweleza mwanafunzi jambo hilo moja, macho yake hufunguka, na kila jina la mhusika huwa kitendawili cha kutegua.

Kosa mnalofanya siku hizi ni kumsoma Shaaban Robert kimyakimya. Yule ni mshairi hata anapoandika nathari. Sentensi zake zimepangwa kwa mizani, na jicho peke yake haliwezi kuzibeba. Mimi nilikuwa nawagawia wanafunzi zamu, mmoja Karama, mmoja Majivuno, mmoja msimulizi, wakasoma kwa sauti baada ya chakula cha jioni bwenini. Wale wa dirisha la pili walikuwa wanakuja kusikiliza bila kuitwa. Kuhusu riwaya za upelelezi, sizichukii, na nilimsoma Musiba nikiwa kijana kama kila mtu. Ila nimewaona wengi walioingia kwa mlango huo wakabaki sebuleni maisha yao yote. Anayezoeshwa kuuliza “nani kaua?” hupata shida sana siku anapopewa kitabu ambacho hakuna aliyeuawa.

Mleta uzi

Shikamoo, mwalimu. Nimekubali kukemewa. Sikumwacha kwa kumdharau, nilimwacha kwa woga.

Niruhusu nieleze woga wenyewe. Wengi wetu huku tumeanza na Kimeru, Kimaasai au Kichaga nyumbani, tukajifunza Kiswahili sokoni na shuleni. Tunapokutana na ukurasa wenye methali juu ya methali, tunahisi tunahubiriwa. Ile sauti ya bwenini unayoisema ndiyo dawa, lakini msomaji wa peke yake, aliye kitandani na kitabu chake, hana bweni. Kwa huyo ningependekeza *Utubora Mkulima* itangulie *Kusadikika*. Mtu anaacha kazi ya mshahara mjini anakwenda kulima, majirani wanamshangaa: hiki ni kisa ambacho kila familia ya hapa Arusha inacho, na mara nyingi hakijamalizika.

Hoja yako ya sebuleni nimeipokea, ingawa naona kubaki sebuleni ni afadhali kuliko kubaki barabarani.

Mama wa Njiro

Naomba niingilie kati, kaka zangu, maana nimesoma kutoka juu hadi hapa nikihesabu, na hadi sasa hamjamtaja mwandishi mwanamke hata mmoja. Wanawake wanateswa, wanaozwa, wanatoroka na kufa katika vitabu vyenu, lakini kalamu zote zimeshikwa na wanaume.

Siwakatai waandishi hao. *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, ambayo mleta uzi ameisahau, niliisoma nikiwa na ujauzito wa mtoto wangu wa pili, nikalia kwa ajili ya Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na baba mwenye cheo hadi siku alipotoka nje hakujua hata kumtambua mtu mbaya. *Rosa Mistika* nayo, ambayo iliwahi kuzuiwa isitumike shuleni, inamkamata vizuri sana yule baba mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Lakini baada ya kuzisoma zote mbili niligundua kwamba binti katika riwaya zetu huadhibiwa mara mbili, mara ya kwanza na baba yake, mara ya pili na hadithi yenyewe. Nilitaka kumsoma mwanamke anayesema mwenyewe.

Nilimpata katika *Barua Ndefu Kama Hii* ya Mariama Bâ wa Senegal, iliyotafsiriwa na Clement Maganga. Ni barua kweli: Ramatoulaye, aliyefiwa na mume, anamwandikia rafiki yake Aissatou akiwa ndani ya eda, na anazungumza kuhusu kuletewa mke wa pili bila kupiga kelele hata mara moja. Ni fupi. Mwanamke anayefanya kazi anaweza kuimaliza kwa jioni nne, watoto wakishalala. Hapa nyumbani tunaye Penina Muhando, ambaye tamthilia yake ya *Nguzo Mama* inaonyesha wanawake wa kijiji wanaojaribu kuisimamisha nguzo ambayo haitaki kusimama, na sababu zake kila aliyewahi kuwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa atazitambua kabla ya kugeuza ukurasa. Kwa wa siku hizi, tafuteni *Mungu Hakopeshwi* ya Zainab Alwi Baharoon wa Zanzibar, iliyopata tuzo ya Mabati-Cornell.

Kwa hiyo swali la “kipi kitangulie” lina swali jingine ndani yake: kimtangulie nani? Binti yangu wa miaka kumi na sita sitamwanzisha na Willy Gamba, ambaye kila akifika hoteli kuna mwanamke anamsubiri.

Mleta uzi

Dada, sina la kujibu. Nimekwenda kuhesabu rafu yangu mwenyewe: vitabu zaidi ya mia moja na arobaini, vya waandishi wanawake ni tisa. *Utengano* sikuisahau, niliiazimisha na haijarudi, na kitabu kisipokuwa rafuni ni rahisi kukitoa moyoni.

Kijana mwongoza watalii, Usa River

Heshima zenu wakubwa. Mimi kazi yangu ni kuzungumza na wageni kuhusu nchi hii siku nzima, na nimeona mara nyingi mgeni amesoma kuhusu Kilimanjaro na Meru kuliko mimi niliyezaliwa chini yake. Naomba vitabu vinavyohusu huku kwetu. Riwaya nyingi mlizozitaja ni za Unguja, Ukerewe na Dar es Salaam. Je, sisi wa mlimani hatukuandikwa?

Mwalimu mstaafu, Moshi

Marahaba, kijana. Mmeandikwa, ila si sana katika riwaya, na hilo ni deni la waandishi wa mkoa huu, mimi nikiwa mmoja wa waliokusudia kuandika na hawakuandika.

Anza na *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera* ya Petro Itosi Marealle, iliyotoka mwaka 1947. Si riwaya. Inaeleza maisha ya Mchaga tangu anazaliwa, anatahiriwa, anaoa, anagawiwa kihamba, yaani shamba la ukoo, hadi anapokufa na kuungana na mababu, na imeandikwa kwa Kiswahili na mtu wa hukohuko ndani. Uzuri wake ni kwamba mwandishi hawaelezi Wachaga kwa mgeni, anawakumbusha wenyewe. Wewe unayewaonyesha wageni migomba na mifereji ya Marangu, ukikisoma hutarudia tena maneno ya kukariri.

Kwa upande wa Meru, kama unasoma Kiingereza, tafuta *The Meru Land Case*, kilichoandikwa na Kirilo Japhet pamoja na Earle Seaton na kutoka mwaka 1967. Wameru waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki mwaka 1951 ili ardhi hiyo wapewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea. Unapita barabarani pale kila wiki na wageni wako. Kwamba habari hiyo bado haijawa riwaya ya Kiswahili ni jambo linaloninyima raha.

Na sasa nikupe riwaya. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, huandika kwa Kiingereza, lakini *Paradise* yake imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la *Peponi*, ikatoka mwaka 2022. Yusuf ni mtoto anayechukuliwa na tajiri Aziz kama rehani ya deni la baba yake. Katika safari za biashara za tajiri huyo kuelekea bara, mtoto anaachwa kwa muda katika mji mdogo ulio chini ya mlima mkubwa wenye theluji. Mwandishi hautaji mji huo. Mimi niliposoma sehemu ile nilikuwa nimekaa kibarazani kwangu, asubuhi, wingu limeondoka, nikainua macho kutoka kwenye ukurasa, mlima ukawa pale pale. Sina la kuongeza.

Mleta uzi

Nilikuwa sijaisoma *Peponi*, nimeinunua juzi kwa sababu ya maneno hayo. Naongeza jambo moja linalohusu kuvipata vitabu hivi, maana pendekezo bila mahali pa kununulia ni ahadi ya mdomoni.

Vya wachapishaji Mkuki na Nyota, yaani Adam Shafi, Marealle kwa chapa ya karibuni, na *Peponi*, hupatikana katika maduka ya vitabu mjini, na kama havipo huagizwa kutoka Dar es Salaam vikaja kwa basi. Vya Musiba na Mtobwa mara nyingi ni vya kuokota kandokando ya barabara, kwa wale vijana wanaotandika turubai chini. Huko mjihadhari. Niliwahi kununua *Kuli* kwa mmoja wao, ambaye simlaumu sana, nikafika katikati ya kisa nikakuta ukurasa wa 64 unafuatwa na wa 81. Vitabu hushonwa kwa mikunjo, na mkunjo wa kawaida ni wa kurasa 16, kwa hiyo ukidondoka mmoja zinaondoka kurasa kumi na sita kwa mpigo bila jalada kuonyesha jeraha lolote. Kabla ya kulipa, pitisheni kidole kwenye namba za kurasa tangu mwanzo hadi mwisho. Muuzaji atakununia, mwache anune. Kuhusu nakala za kurudufiwa, nawaomba tuziache pale ambapo kitabu halisi bado kinachapishwa. Waandishi wetu hawalipwi kiasi cha kutosha hata bila sisi kuwaibia.

Maktaba ya mkoa nayo isidharauliwe. *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* ya Aniceti Kitereza, ambayo ni ndefu na ghali ukiipata, ni kitabu cha kusomea huko polepole. Mzee yule aliiandika kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na haikutoka hadi mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Kisa chenyewe ni cha mume na mke wanaotafuta mtoto, lakini kati ya ukurasa na ukurasa unafundishwa kulima, kuvua, kupika pombe, kumpokea mkwe na kumzika mtu. Msomaji mwenye haraka ataichukia. Hiyo ndiyo ningeiweka mwisho kabisa wa ngazi yangu, hata baada ya *Nagona*.

Mama wa Njiro

Na mpwa wako je? Tumezungumza vitabu vyote hivi, na yeye bado amekaa sebuleni na simu.

Mleta uzi

Nimempigia jana usiku, dada. Sasa anauza vipuri vya pikipiki Ngaramtoni, na anasema mchana duka hupoa kati ya saa nane na saa kumi. Nilitaka kumpa Mtobwa kama nilivyoandika hapo juu, lakini baada ya kuwasoma ninyi nimebadili mawazo. Nimemchagulia *Siku Njema* ya Ken Walibora, Mkenya, kwa sababu inaanzia Tanga, inavuka mpaka, na inamfuata kijana aliyefiwa na mama yake akimtafuta baba asiyemjua. Hakuna bastola, mwalimu, ila kuna jambo la kutafuta, na mtoto huyu alilelewa na mama peke yake.

Aliuliza kwanza ina kurasa ngapi. Kisha akauliza kama ni cha wakubwa. Nimemwambia aje Jumamosi akichukue, na asome ukurasa wa kwanza hapa hapa mezani, kwa sauti, mimi nikiwa jikoni.